Damu haigandi, au haijaganda?

SWALI: Mimi ni muuguzi huku Mafinga. Tunaandaa kipeperushi cha vijana wa bodaboda kuhusu bangi na kutokwa damu mtu anapoumia. Mwenzangu ameandika: "Bangi huzuia damu ya mjeruhi kuganda." Naona ina kasoro lakini nashindwa kuieleza. Nisaidie.

JIBU: Kasoro ndogo ni "mjeruhi". Aliyeumia ni majeruhi, awe mmoja au kumi. Mjeruhi, kwa umbo lake, ni yule aliyemuumiza mwenzake.

Kasoro kubwa iko kwenye hu-. Kiambishi hiki hakitaji wakati, kinatangaza mazoea au kanuni. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukilala huchacha: hapo hakuna mtu wa Iringa atakayebisha. Ukisema bangi huzuia damu kuganda, umesema ndiyo kawaida yake kwa wavutaji, na utafiti haujasema hivyo. Maabara zimeonyesha kwamba kemikali za bangi zinaweza kugusa kazi ya chembe sahani, zile chembe za damu zinazokimbilia penye jeraha na kushikamana. Ila kuna majaribio yaliyoona zikishikamana kidogo kuliko kawaida, na mengine yakaona kinyume chake. Kwa majeruhi wenyewe hospitalini majibu nayo yamepishana. Kwa hiyo andikeni "inaweza kuvuruga". Palipo na uhakika zaidi ni kwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande: bangi inaweza kuipa dawa hiyo nguvu kupita kiasi, mgonjwa akatokwa damu kirahisi. Hilo litajeni waziwazi.

Halafu kuna ukanushi, ambao wengi huupitia juu juu. "Damu yake haigandi" inaweza kusomeka kuwa ni hali ya kudumu, kama ya mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. "Haijaganda" maana yake bado, tunasubiri. "Inachelewa kuganda" ni maelezo ya mwendo. Mama wa kijana aliyeanguka na pikipiki mlima Kitonga akiambiwa "haigandi", anaweza kuelewa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa damu, kumbe ulitaka kusema tu kwamba kidonda bado kinavuja.

Vilevile "damu imeganda" peke yake haitoshi. Kidonda kikifunga, hiyo ni habari njema. Ndani ya mshipa wa mguu ni hatari, na hapo semeni "bonge la damu kwenye mshipa". Ile iliyokusanyika chini ya ngozi baada ya kugongwa, wazee wetu husema imevilia. "Damu nyepesi" ningeiacha kabisa, maana wapo wanaoielewa kuwa ni upungufu wa damu, wakaanza kutafuta matembele.

Hamkuuliza hili, lakini nalisema: msimwite majeruhi "mvuta bangi" kwa sababu tu kipimo cha mkojo kimeonyesha. Dalili za bangi hukaa mkojoni siku kadhaa, na kwa anayevuta sana hata wiki kadhaa. "Amekutwa na bangi mkojoni" si sawa na "alikuwa amelewa bangi alipoanguka".

Mimi ningeandika hivi: "Bangi inaweza kuvuruga kuganda kwa damu. Ukiumia, mwambie mhudumu kama umevuta, na umetumia dawa gani, hasa warfarini. Ndugu, gandamizeni kidonda kwa kitambaa safi mpaka mfike hospitali." Na hiyo ni gandamizeni, si gandisheni.