Mchanga unaong'aa kutoka Chunya: pima hivi

Dada wa Moshi uliyeletewa mchanga wa Chunya na kuuliza kama ni dhahabu: mji ule wa Mbeya kweli ulikua kwa dhahabu ya eneo la Lupa, iliyovuta wachimbaji tangu miaka ya 1920. Ila sehemu kubwa ya mng'ao wa mchanga huwa ni ulanga, yaani madini mepesi ya vipande vyembamba vinavyong'aa.

Weka vijiko viwili kwenye karai lenye maji, zungusha taratibu huku ukimwaga ya juu. Ulanga huondoka na maji. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, hubaki chini pamoja na mchanga mweusi, ambao mwingi unaunasa kwa sumaku iliyofungwa kwenye nailoni. Karai likiwa na mafuta, chenga ndogo za dhahabu huelea na kupotea. Tia tone la sabuni. Wengi hupoteza hapo.

Kilichobaki kigonge juu ya chuma. Dhahabu hubapa, pairaiti, madini ya manjano yanayofanana nayo, husagika. Kivulini pia dhahabu haibadili rangi yake.

Wachimbaji wengine hunasa dhahabu kwa zebaki kisha huichoma. Tafadhali usichome zebaki jikoni, mvuke wake hauonekani na huharibu ubongo na figo. Ikiwa dhahabu kweli, peleka soko la madini, si kwa mtu wa mtaani.