Mzee karudi nyumbani na mashine ya oksijeni: jibu langu kutoka Ujiji

Mleta mada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza mawili: kama ni kweli mzee "akiizoea" oksijeni hataweza tena kuishi bila mashine, na kama mnaweza kumwongezea usiku anapohema sana. Nimemuuguza mama yangu hapa Ujiji kwa ugonjwa huohuo wa njia ya hewa kuziba na mapafu kuchakaa, na maswali hayo mawili tumeyajadili sana na ndugu zangu.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu maneno ya majirani kwamba mzee "alikuwa anavuta kwa siri". Bimkubwa wangu naye hajawahi kugusa sigara. Alichofanya ujanani ni kubanika migebuka kwenye banda la bati lisilo na dirisha, kuni zenyewe mbichi, mtoto mgongoni. Daktari alipomuuliza kuhusu sigara alikataa, alipomuuliza kuhusu moshi wa kuni tukaangaliana. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba, ukiuvuta miaka na miaka, unaharibu mapafu vilevile. Hata aliyeugua TB akapona anaweza kubaki na makovu yanayomfikisha hapohapo.

Sasa hilo la kuzoea. Oksijeni hailevyi wala haina arosto. Hewa hii tunayovuta sote ina oksijeni asilimia 21 hivi, na kwa mapafu mazima inatosha na kubaki. Mapafu ya mzee hayawezi tena kuchota ya kutosha humo, ndiyo maana kapewa mashine inayovuta hewa ya chumbani, ikachuja naitrojeni na kumpa oksijeni inayokaribia asilimia 93. Ukiitoa anarudi pale alipokuwa kabla ya kupewa. Kinachomrudisha hapo ni ugonjwa, mashine haina kosa. Najua hofu inatoka wapi: wengi wetu tumeona mtungi ukisogezwa kitandani mtu akiwa hoi, hasa ile miaka ya korona, na tukaunganisha oksijeni na msiba. Lakini ya nyumbani ni dawa ya kuishi nayo.

Na ina dozi ya saa. Uingereza walitoa matokeo ya utafiti mwaka 1981 kwa wagonjwa 87 wa aina hii, ambao oksijeni yao ilikuwa chini sana. Waliopewa oksijeni angalau saa 15 kwa siku walikuwa 42, na ndani ya miaka 5 walifariki 19. Wasiopewa walikuwa 45, wakafariki 30. Kwa hiyo ukisikia saa 15, inatoka huko. Ile tabia ya kuwasha akibanwa na kuzima akitulia, eti mnaokoa umeme, haimsaidii. Anzeni na usiku mzima anapolala, kisha zinazobaki mzigawe mchana akiwa amekaa barazani. Mpira mrefu unasaidia, ila usikanyagwe wala usipite mlangoni.

Swali la pili ndilo lililonifanya niandike kirefu, maana ndilo la hatari.

Mama mdogo alikuja kutoka Kasulu kutusaidia. Usiku akamwona dada yake anahema, akaingiwa na huruma, akapandisha geji ya mashine kutoka lita 1 kwa dakika hadi 4. Asubuhi kipimo cha kidoleni, kile kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, kilisoma 97 na nyumba nzima tukafurahi. Lakini mama alikuwa anasinzia katikati ya maneno, analalamika kichwa, na kumwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake. Tukamkimbiza hospitali. Nesi aliyetupokea alielewa kabla hatujamaliza kueleza. Alituambia 97 ni namba nzuri kwangu mimi na yeye. Kwa wengi wenye ugonjwa huu inatakiwa 88 hadi 92, basi. Mapafu yao yanashindwa pia kutoa hewa chafu, yaani kabonidayoksaidi, na ukiwajaza oksijeni kupita kiasi hewa hiyo inazidi kulundikana kwenye damu. Mtu anasinzia, anachanganyikiwa, na akiachwa anaweza asiamke. Oksijeni ikashushwa pale hospitali chini ya macho yao, mama akarudi kuwa yeye. Nesi akatuwekea alama ya plasta kwenye geji, na mama mdogo ndiye aliyekuwa mlinzi mkali kuliko wote wa plasta ile.

Kwa hiyo geji haiguswi bila hospitali. Lakini msije mkaogopa mkamzimia kabisa, maana kukosa oksijeni kunaua haraka zaidi. Mkiona namba imeshuka chini ya kiwango alichopewa na haipandi, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi, au analala bila kuamshika, mpelekeni hospitali huku oksijeni ikiendelea kwenye kiwango chake kilekile.

Na kuhema si lazima kuwe ni kukosa oksijeni. Mara nyingi mama alikuwa anahema namba ikiwa 91. Hapo kuongeza hakuna faida. Marekani walichapisha utafiti mwaka 2016 wa watu 738 ambao oksijeni yao ilikuwa imeshuka kidogo tu, na waliopewa oksijeni hawakuishi zaidi ya wasiopewa. Kilichomsaidia mama ni kukaa ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti, kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole midomo ikiwa imebanwa kama anayepuliza uji wa moto. Feni ndogo usoni nayo inasaidia, pamoja na dawa yake ya kupuliza aliyoandikiwa.

Kipimo cha kidoleni nacho kina mambo yake. Piko na rangi ya kucha vinaweza kukidanganya, mikono ya baridi pia, na kwenye ngozi nyeusi wakati mwingine kinasoma juu kuliko hali halisi. Sugua kidole kipate joto, subiri namba itulie, na umtazame mtu mwenyewe kabla ya kutazama namba.

Moto. Hapa kwetu udi na ubani havikosekani, hasa mgonjwa akiwa ndani na wageni wanakuja kumwombea. Chetezo kisiingie chumba hicho. Wala jiko la mkaa, kibatari, mshumaa au mwenye sigara: viwe mbali, angalau mita 3, au vibaki nje kabisa. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila inafanya cheche ndogo kwenye shuka iwe moto mkubwa kwa sekunde chache. Pua ikikauka msimpake mafuta ya mgando, ulizeni duka la dawa jeli ya maji.

Kuhusu umeme, mashine ya lita 5 kwa dakika hula wati 350 hivi. Kwa saa 15 ni uniti 5 na ushee kwa siku, zaidi ya 150 kwa mwezi, hivyo kama mko kwenye ile tarifu ya chini ya uniti 75 mtatoka humo. Jipangeni kama familia mapema, mmoja achukue LUKU moja kwa moja. Kwa siku za kukatika, tafuteni mtungi wa akiba. Hesabu yake ni rahisi: mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa lita 2 kwa dakika unakwenda saa 56, na wa lita 1,360 ni saa 11. Usimamishwe na kufungwa ukutani, usilazwe njiani watoto wanapopita.

Sponji ya mashine ioshwe kila wiki, vumbi letu la kiangazi unalijua. Maji ya kile kichupa kinachotia unyevu kwenye oksijeni yawe yaliyochemshwa yakapoa, na yabadilishwe kila siku.

Hukuandika geji ya mzee imewekwa lita ngapi wala kiwango gani cha kidoleni mmeambiwa msikivuke. Kama mlitoka wodini bila kupewa namba hizo mbili, kesho asubuhi mmoja wenu arudi akaulize, aandikiwe kwenye karatasi na ibandikwe juu ya mashine.