Gurudumu moja linachemka: usikimbilie kununua kalipa

Ndugu, umesema gari lako linavuta kushoto na rimu ya upande huo inachemka; si lazima kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) iwe imekufa. Kwenye gari la zamani mimi hushuku kwanza mpira wa breki (bomba la raba linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu). Kwa nje unaonekana mzima, kumbe ndani umevimba: ukikanyaga breki, mafuta yake yanapita; ukiachia, hayarudi.

Pima breki zikiwa bado zimeshika. Piga jeki, weka stendi, zuia magurudumu mengine, kisha zungusha gurudumu hilo kwa mkono. Likigoma, legeza kidogo nipo, yaani skrubu ya kutolea mafuta kwenye kalipa (vaa miwani, mafuta huwa ya moto). Yakiruka na gurudumu likaachia, presha ilinaswa: badilisha mpira. Magurudumu kadhaa yakishika pamoja, angalia masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki). Gurudumu likiendelea kugoma hata baada ya kulegeza nipo, ni pistoni ya kalipa yenye kutu au pini zake zilizokauka. Pini zisafishe, upake grisi ya breki tu. Grisi ya kawaida huvimbisha raba zake.

Mwaga na mafuta ya breki ya zamani. DOT 3 (aina ya mafuta ya breki) mpya huchemka kuanzia 205°C, ila ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140°C, na hapo pedali huzama. Tafadhali usiendeshe gari hivyo.