Kutoka Karura hadi mbio za Borana: anza na tairi

Ndugu, umeuliza kama baiskeli unayoendeshea msitu wa Karura, Nairobi, itakufaa kwenye mbio za hifadhi ya Borana, Laikipia. Itakufaa, ila si kwa tairi hizo. Karura njia ni za msituni, zina kivuli na udongo laini. Laikipia ni mawe, vumbi na miiba ya migunga.

Kwa hiyo weka tairi zisizo na tyubu, zenye dawa ya kuziba ndani. Mwiba ukiingia, ung'oe, kisha zungusha gurudumu mpaka tundu litazame chini. Utaona dawa nyeupe ikifoka, halafu inaganda. Jaza upepo kidogo, twende. Hata hivyo beba tyubu moja na pampu, maana jiwe lenye makali likichana ubavu wa tairi, dawa haisaidii kitu.

Pili, pumzi. Hifadhi iko juu kuliko Nairobi, na vilima vyake havina huruma. Fanyia mazoezi vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, wikendi mbili tatu kwa mwezi, upande na kushuka. Watu wengi huwaza kupanda tu, kumbe kwenye mteremko wa changarawe ndiko wanakoangukia kwa kubana breki ya mbele.

Ukifika, usitoke kivyako kwenda kujaribu njia. Mle mna tembo, nyati na vifaru. Subiri wenyeji wakuambie njia ipi iko wazi.

Breki zako ni za diski au za kubana ukingo wa gurudumu?