Kabla kaunti haijajenga chuo cha udaktari, ihesabu madaktari bingwa wake kwanza

Aliyefungua uzi huu wa mjadala ameuliza kwa nini kila moja ya kaunti 47 za Kenya isijenge chuo chake cha udaktari ili uhaba wa madaktari uishe. Jengo ndilo sehemu rahisi. Kinachokwamisha ni wadi.

Shahada hii ni miaka 6. Anatomia, fiziolojia na baiokemia za mwanzo hufundishika popote penye maabara nzuri na maiti za kupasua. Baada ya hapo mwanafunzi ni wa hospitali, na atakachojua kinategemea bingwa anayezunguka naye wadini. Watano wakizunguka kitanda kimoja, wote hujifunza. Wakiwa 15, wa nyuma huambulia sauti tu, mgonjwa huchoka kupapaswa tumbo, na mtu humaliza zamu ya uzazi hajazalisha mama hata mmoja kwa mikono yake. Huyo ndiye atakayepelekwa kusimamia leba peke yake usiku.

Kwa hiyo anzeni na hospitali ya kaunti. Idara nne, yaani tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, kila moja iwe na mabingwa wawili au zaidi, maana akiwa mmoja, siku anayochukua likizo mafunzo yamesimama. Maabara itoe majibu siku hiyohiyo, benki ya damu isiwe jina tu, na hosteli iwe mwendo wa dakika chache kwa miguu: akina mama wengi hujifungua usiku, na mwanafunzi anayesubiri matatu ya asubuhi atakuta kazi imekwisha. Pokeeni wanafunzi 8 au 10 kwa kila idara, basi.

Linaloharibu mipango mingi ni waajiri wawili. Tangu 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti, ilhali mhadhiri ni wa chuo kikuu. Bingwa wa kaunti asiye na barua ya uteuzi wala posho atafundisha kwa hisani miezi miwili, kisha foleni ya wagonjwa itamrudisha kwake, na wanafunzi wabaki na madaktari wanagenzi ambao nao bado wanajifunza. Makubaliano yaandikwe kabla ya kundi la kwanza kufika: saa ngapi za kufundisha kwa wiki, nani analipa, nani anatia sahihi daftari la mwanafunzi, nani anawajibika mwanafunzi akikosea.

Si lazima kila mahali pawe na chuo kizima. Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, tangu miaka ya 1970 kinafundisha wanafunzi wa majimbo jirani kama Alaska, Montana na Idaho kwa mtaala mmoja, huku mafunzo mengi yakifanyika huko kwao. Hapa maabara za Nairobi au Eldoret zingeweza kubeba miaka ya mwanzo, kisha Garissa, Lodwar na Voi zigawane wadi. Wachaguliwe waliokulia huko. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unapendekeza hivyohivyo, kwa kuwa ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi.

Halafu kuna uanagenzi, yaani mwaka wa kazi hospitalini chini ya usimamizi baada ya shahada, ambao watu husahau. Bila miezi 12 hiyo hakuna leseni kamili. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na nafasi na malipo ya wanagenzi yalikuwa kiini cha mgogoro. Ukisajili 60 leo, nafasi zao zenye mshahara ziwe kwenye bajeti ya mwaka wa 7. Mkutano wa bajeti wa kaunti ukiitishwa, ulizeni kifungu hicho kiko ukurasa gani.