Bomba la hewa nalo lipakwe gundi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Tunajenga nyumba ya ghorofa moja hapa Morogoro, mabomba ya maji machafu ni PVC ya inchi 4. Fundi anachoma ncha ya bomba motoni, anaitanua, anachomeka jingine kisha anazungushia saruji. Yale ya kutolea hewa ameyachomeka tu bila gundi, ati hayapitishi maji. Ni sawa?

Jibu: Marahaba. Si sawa, na nianze na hewa maana ndiyo inayopuuzwa zaidi. Bomba hilo limeungana moja kwa moja na njia ya choo, na gesi inayopanda humo ina salfidi ya hidrojeni, ile inayonuka kama yai viza. Kiungo kikivuja ukutani au darini, harufu itaingia vyumbani hata kama trapu zote (kona za bomba zinazoshika maji kuzuia harufu) zina maji. Kanuni za IPC (kanuni za kimataifa za mabomba), zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani, zinataka viungo vya maji machafu na vya hewa vyote visivujishe maji wala gesi.

Saruji hizo kanuni zimeikataza waziwazi, sehemu ya 707. PVC ni nyororo, saruji haiishiki. Tena bomba la mita 4 hurefuka karibu milimita 5 joto likipanda nyuzi 20. Saruji ngumu itapasuka tu.

Kuchoma nako kunapunguza unene wa bomba palepale panapohitaji nguvu, na mdomo uliotanuliwa kwa macho haubani sawasawa. (Moshi wake pia ni sumu, mwambie.)

Akate sehemu hizo, aweke soketi za kiwandani (vipande vya kuungia mabomba). Bomba likatwe kwa pembemraba, si mshazari, mabaki ya kukatia yaondolewe, lifutwe likauke. Gundi ya PVC ipakwe pande zote mbili, asukume hadi mwisho huku akizungusha robo mzunguko, ashikilie nusu dakika. Kwenye soketi yenye pete ya mpira atumie sabuni ya maji, asiguse grisi, kisha alirudishe bomba nyuma milimita 10 lipate nafasi ya kutanuka.

Gundi ikishakauka, zibeni mdomo wa chini kwenye chemba, mjaze maji mpaka kimo cha mita 3 juu ya viungo, pamoja na vya hewa, isipokuwa vile vilivyo ndani ya mita 3 za juu kabisa. Yakae dakika 15 bila kushuka. Fanyeni hivyo kabla ya plasta, na malipo ya mwisho yasubiri matokeo.