Barua za aliyehama: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu waliopanga nyumba pamoja na wenzao, mmoja akahama, barua zake zikabaki zinakuja.

Mwenzangu amehama miezi 4 sasa na barua zake bado zinaletwa kwangu. Nizifanyeje?

Kama una namba yake, mpigie leo. Niliwahi kupata barua ya kuitwa kwenye usaili wiki 3 baada ya usaili wenyewe kupita, kwa sababu niliyemwacha nyumbani aliiweka juu ya kabati akisubiri siku tutakapoonana. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, lakini kazi niliikosa.

Mwambie zipo barua ngapi, mpatane siku ya kuja kuzichukua. Usipige picha bahasha ukazirusha kwenye kundi la marafiki ili "atakayemwona amwambie". Jina la benki au la hospitali lililochapwa juu ya bahasha ni habari tosha kwa wambea.

Kisha mhimize aende posta mwenyewe kuomba barua zake zipelekwe anwani mpya. Hilo wewe huwezi kumfanyia bila idhini yake. Nalo ni la muda tu: Marekani, kwa mfano, barua za kawaida huhamishiwa anwani mpya kwa miezi 12, na Uingereza mtu hulipia kwa kipindi anachochagua. Kwa hiyo bado atalazimika kuwajulisha wanaomwandikia, mmoja mmoja.

Kama hapatikani kabisa, usiifungue barua. Piga mstari mmoja juu ya anwani yenu, andika pembeni "Haishi hapa tena, irudishwe kwa mtumaji", kisha itumbukize kwenye sanduku la barua au umkabidhi mtu wa posta. Anwani ya mtumaji iache isomeke. Ukiona vijistari vya msimbo chini ya bahasha, vifute kwa kalamu nzito, maana mashine ya kuchambua barua husoma hivyo na inaweza kukurudishia barua ileile.

Aliondoka bila kulipa kodi ya miezi 2, nikailipa mimi. Sasa imekuja bahasha ambayo nahisi ina hundi. Nikiishikilia mpaka anilipe, nina kosa?

Unalo. Pole kwa hasara, na najua jinsi inavyouma kuona fedha ya mtu unayemdai ikipita mikononi mwako. Lakini kumdai ni haki yako, bahasha si yako. Tena bado si hata yake: mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unasema kilichotumwa kwa posta hubaki mali ya mtumaji mpaka kimfikie anayestahili kukipokea. Ukiishikilia, unazuia mali ya mtu wa tatu ambaye hamjawahi kudaiana.

Sheria nazo hazichezi na jambo hili. Marekani, kuichukua barua ya mwingine kabla haijamfikia kwa nia ya kuizuia au kuchungulia siri zake kunaweza kukufunga hadi miaka 5. Ujerumani, kufungua bahasha ya mwingine iliyofungwa kunaweza kukupa faini au kifungo cha hadi mwaka 1. Uingereza, Sheria ya Huduma za Posta ya 2000 inamgusa anayefungua barua iliyomfikia kimakosa akiwa na nia ya kumdhuru mtu na hana sababu ya msingi. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 12, limeitaja barua ya mtu sambamba na familia yake na nyumba yake. Mimi naona ndipo mahali pake.

Dai lako lipeleke kwa njia yake. Mwandikie ukitaja miezi, kiasi na tarehe ya kulipa, uambatishe nakala za risiti za kodi. Akikaa kimya, nenda mahakama inayosikiliza madai madogo. Huko utaingia ukiwa mwenye haki. Ukiwa na hundi yake mfukoni, kesi itageuka kuwa yako.

Nimefungua barua yake nikidhani ni yangu.

Ifunge kwa utepe, andika nyuma "Imefunguliwa kwa bahati mbaya", tia tarehe na sahihi, umpe. Ulichokiona usimsimulie mtu.

Kila wiki zinakuja barua za kumdai mkopo. Naogopa watachukua vitu vyangu.

Deni humfuata aliyekopa, halihami na nyumba. Swali la kujiuliza ni kama ulimdhamini au mlitia sahihi pamoja. Kama hukufanya hivyo, vitu vyako havihusiki. Hata hivyo, usizitupe barua hizo. Mdai asiporudishiwa kitu huamini kwamba zinapokelewa, naye huendelea kuandika. Rudisha kila moja na uandike tarehe kwenye daftari. Wakija mlangoni, waonyeshe mkataba wako wa kupanga na risiti za vitu ulizonazo. Namba yake mpya usiitoe. Ikiletwa barua ya rejista au hati ya mahakama, usisaini kwa niaba yake. Mwambie aliyeileta kwamba mhusika amehama, halafu mjulishe mwenzako siku hiyohiyo.

Na magazeti na matangazo?

Matangazo yasiyo na jina la mtu, tupa. Gazeti analolilipia, mwambie abadilishe anwani kwa wachapishaji.

Mimi ndiye niliyehama. Naona aibu kumsumbua aliyebaki.

Aibu hiyo ndiyo inayomwachia mzigo. Orodhesha wote wanaokuandikia: benki, bima, mwajiri, chuo, hospitali, ofisi ya kodi. Wape anwani mpya wiki hii. Kama bado hujapata makazi ya kudumu, ulizia posta kama wanaweza kukuwekea barua dirishani ukazichukue kwa kitambulisho. Halafu mpigie mwenzako, umtajie siku utakayopita, na upite siku hiyohiyo.